Asmini nyumbani: maswali tunayoulizwa kitaluni kila siku

Tunauza miche ya maua Tanga, na haipiti siku bila mtu kusimama mbele ya asmini akauliza lilelile la jana. Haya hapa maswali yenyewe na majibu tunayotoa. Ukiwa na haraka, soma lile la mti usiochanua na lile la kupogoa. Mengine yote yanazunguka hapo.

Asmini mnayoizungumzia ni ipi hasa?

Ni ile ya vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia wanavyojipamba navyo wanawake. Ua dogo jeupe linalofumbuka magharibi na kunukia usiku kucha. Wataalamu wanaiita Jasminum sambac. Wazee hutofautisha: asmini ni ua, mwasmini ni mti wake. Siku hizi sokoni vyote vinaitwa asmini, na humu pia tutachanganya.

Majani yake hukaa mawili mawili yakitazamana, ya mviringo wenye ncha kidogo, kijani kinachong'aa. Hauna miiba. Ukivunja tawi hautoi utomvu mweupe. Ukiona maziwa, umeuziwa kitu kingine. Asili yake ni Asia ya Kusini, pande za India na Bhutan, na umezagaa tangu zamani katika nchi zote za joto. Ufilipino waliufanya ua la taifa mwaka 1934, na Indonesia ni moja ya maua yao matatu ya taifa. Neno sambac limetokana na Kiarabu zanbaq, lililokuwa likitajwa zamani kwa mafuta ya maua haya. Linnaeus, yule mtaalamu wa Sweden aliyeipa mimea majina, alipouandika mwaka 1753 aliuweka kwenye kundi aliloliita Nyctanthes, yaani ua la usiku, na hapo alisema kweli, ingawa mwaka 1789 mtaalamu mwingine, Aiton, aliuhamishia kwa asmini wenzake. Ukoo wake, usishangae, ni ule wa mzeituni.

Tunayo pia asmini yetu ya porini, Jasminum fluminense, yenye jani lililogawanyika vipande vitatu na vitunda vyeusi. Jina hilo maana yake ni ya Rio de Janeiro, kwa sababu aliyeiandika aliikuta kule Brazil, kumbe ilitoka kwetu Afrika. Huko Florida sasa inahesabiwa magugu. Inanukia vizuri, lakini si ya kikuba.

Nilinunua mche ukiitwa asmini ya usiku, maua yake membamba ya kijani na manjano. Ni huohuo?

Hapana. Huo ni Cestrum nocturnum, wa ukoo wa nyanya na tumbaku, asili yake Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi. Harufu yake hufika nyumba ya tatu na wengine inawauma kichwa. Vitunda vyake vyeupe vina sumu. Kama una watoto wanaotambaa au mbuzi wanaozurura, ningekuwa wewe ningeung'oa.

Ni kichaka au ni mmea wa kupanda ukutani?

Ni vyote viwili, na ndiyo maana watu hubishana. Mwasmini hauna vikono vya kujishikia kama mpasheni, wala vijimizizi vya kung'ang'ania ukuta. Unarefusha matawi membamba yanayoinama na kuegemea chochote kilicho karibu. Ukiuacha bila kitu unakuwa kichaka kilicholala ovyo. Ukiupa kichanja na kuufunga funga, unapanda hadi mita tatu hivi.

Kichanja si lazima kiwe cha fundi. Fito mbili tatu za mkoko, waya wa uzio, hata wavu wa zamani wa samaki uliotundikwa ukutani, vyote vinafaa. Funga kwa kamba laini, ya usumba au kitambaa kilichochanwa, na usikaze. Pitisha kamba kwa mtindo wa nane, ikizunguka fito kwanza, ikijikunja, kisha ndipo izunguke tawi, ili tawi lisisuguliwe. Na tafadhali usiyapandishe matawi yote wima. Yalaze kidogo ubavuni, kama feni iliyofunguliwa. Tawi likisimama wima, nguvu zote hukimbilia nchani. Likilala, macho ya ubavuni huamka na kutoa vitawi, na vitawi ndivyo vinavyobeba maua.

Kuna aina ngapi? Nataka ile yenye ua nono.

Kuna nyingi. Sisi tunaona zaidi tatu. Ya kwanza ni ya petali chache, tano na kuendelea, za mviringo. Wazungu huiita Maid of Orleans. Hiyo inachanua sana, inapanda vizuri, na ndiyo rahisi kutunga. Ya pili ina petali ndefu zilizopangana safu mbili, Belle of India. Ya tatu ndiyo unayoitaka: ua lililojaa kama waridi dogo, Grand Duke of Tuscany. Ni zuri kulitazama, lakini mti wake unakua polepole, matawi ni mazito na magumu, haupandi, na ua lake likizeeka haliachii, linabaki mtini limekuwa kahawia na lazima ulitoe kwa mkono. Kwa anayeanza, chukua ya kwanza. Hiyo ya waridi njoo uichukue mwakani.

Niupande wapi?

Juani. Saa sita za jua la moja kwa moja kwa siku ndiyo kiasi cha chini ukitaka maua. Chini ya mwembe utapata majani. Mahali pazuri kabisa ni ukuta unaopigwa na jua la asubuhi hadi adhuhuri, karibu na dirisha la chumba cha kulala au baraza mnapokaa jioni, maana maua yake ni ya usiku na hakuna haja ya kuyapanda nyuma ya choo.

Kama nyumba iko ufukweni kabisa, ukinge na upepo. Kusi ikivuma hubeba chumvi, na ncha za majani huungua zikawa kahawia. Ukuta au ua wa makuti unatosha.

Nyumbani kwangu ni matumbawe matupu. Majani yamekuwa manjano lakini mishipa yake imebaki kijani. Ni njaa?

Ni njaa, lakini ya madini ya chuma, na mara nyingi chuma kipo palepale udongoni. Udongo wa matumbawe umejaa chokaa, na chokaa huyafunga madini hayo mizizi isiweze kuyanyonya. Mwasmini hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Kwa hiyo ukiona majani machanga yamekuwa manjano na mishipa imebaki kijani, usikimbilie kuongeza mbolea ya kawaida, na kwa hisani yako usiweke jivu. Jivu linaongeza tatizo lilelile. Tumewahi kumwambia mtu hivi akatujibu kwamba bibi yake aliweka jivu kwenye kila kitu. Bibi yake, tulipomuuliza vizuri, aliishi Muheza, kwenye udongo mwekundu.

Dawa ya haraka ni mbolea ya maji yenye madini ya chuma, unanyunyiza majanini jioni. Dawa ya kudumu ni kuchimba shimo kubwa, nusu mita kwenda chini na nusu mita upana, ukatoa mawe yote na kujaza udongo mwekundu uliochanganywa na mboji. Panapochimbika kwa taabu, panda kwenye chungu na usijitese.

Chungu cha ukubwa gani?

Anza na cha sentimita 30 upana, baadaye uhamie cha 40. Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa matundu matano sita chini inafaa sana, na wengi wenye nyumba za paa la zege huko Mombasa na Unguja hufanya hivyo. Mchanganyiko wetu ni sehemu mbili udongo mwekundu, moja mboji au samadi iliyooza, na moja mchanga wa mtoni. Mchanga wa mtoni, si wa pwani. Wa pwani una chumvi.

Kila baada ya miaka miwili utoe mti, ukate mizizi inayozunguka chungu, ubadilishe udongo.

Nimwagilie mara ngapi?

Swali hili halina jibu la namba. Ingiza kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Pakiwa pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Pakiwa na unyevu, nenda zako. Ulio ardhini, ukishashika, mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi inatosha, na wakati wa masika usiuguse. Wa kwenye chungu juu ya paa, Januari na Februari, unaweza kutaka maji kila siku.

Tumepoteza miche mingi zaidi kwa maji kuliko kwa ukame. Mwaka mmoja tulipanga miche kama arobaini juu ya karatasi ya nailoni ili kupunguza magugu. Mvua ikanyesha, maji yakatuama chini ya mifuko, na sisi kila tukiona majani yamelegea tunasema miti ina kiu, tunaongeza. Mizizi ilikuwa imeoza zamani. Mwasmini uliozama na mwasmini wenye kiu hulegea kwa namna moja, ndiyo maana tunasema kidole kwanza, ndoo baadaye.

Jambo la pili ni chumvi. Visima vingi vya mjini pwani vina maji ya chumvichumvi. Kingo za majani zikianza kuungua, na ukaona utando mweupe juu ya udongo wa chungu, ushike maji ya mvua uyamwage kwa wingi yapite hadi chini mara mbili tatu, yasafishe.

Mbolea gani?

Samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyooza kabisa, koleo moja kwa mti kila miezi mitatu, uiweke mbali kidogo na shina. Samadi mbichi inaunguza. Ukitumia ya dukani, NPK 17:17:17, kijiko cha chai kwa chungu kila mwezi, juu ya udongo uliokwisha kumwagiliwa. Yurea achia mahindi.

Mti wangu umenawiri, majani tele, lakini hauchanui. Una nini?

Mara nyingi mti hauna kitu. Mwenye mti ndiye mwenye kitu.

Cha kwanza ni kivuli. Mti uliopandwa juani miaka mitano iliyopita leo huenda uko chini ya mpapai wa jirani na ghorofa jipya. Simama hapo saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, utazame.

Cha pili ni mbolea ya majani. Anayemwagia mwasmini maji ya samadi ya kuku kila wiki anaulisha naitrojeni, nao unamlipa majani. Uache miezi miwili bila kitu.

Cha tatu, na ndicho kikubwa, ni mkasi usioguswa. Asmini haichanui kwenye tawi kuukuu. Matumba hutoka kwenye ncha za machipukizi mapya. Mti usiokatwa unaendelea kurefuka, machipukizi yanapungua na yanakuwa juu kabisa, chini unabaki mifupa. Mtu anaogopa kukata kwa kuwa anaona anakata maua, kumbe maua hayapo, yako kwenye tawi ambalo bado halijazaliwa.

Bwana mmoja alitutumia picha: mti umefika kwenye mabati, shina nene, na maua manne tu huko juu ambako ni kunguru pekee anayeyanusa. Tukamwambia akate wote ubaki usawa wa kiuno. Alinyamaza siku tatu. Kisha akaandika kwamba amekata, na mama mkwe wake, ambaye ndiye aliyeupanda, haongei naye. Baada ya miezi miwili ikaja picha nyingine. Safari hii ilikuwa ya sahani, na ilijaa.

Basi nipogoe lini, na vipi?

Kuna ukataji wa aina mbili. Ule mdogo ni wa mwaka mzima: kila kishada kikimaliza maua, kata ncha yake, jozi mbili za majani kwenda chini. Ni kazi ya dakika tano jioni, mkononi mkasi na chai pembeni. Ule mkubwa ni mara moja kwa mwaka. Kwa pwani tunapenda mwisho wa Februari, masika yakikaribia, ili mvua za Machi ziyakute macho yanaamka. Wa Septemba pia unafaa kwa mvua za vuli. Usikate katikati ya baridi ya Juni na Julai. Mti unakaa tu, hausemi kitu.

Tazama jinsi majani yanavyokaa mawili mawili. Kila penye jozi pana macho mawili. Ukikata juu kidogo ya jozi, macho yote mawili huamka, na tawi moja linakuwa mawili. Ukayakata hayo mawili baada ya kuchanua, yanakuwa manne. Kila ncha ni kishada cha matumba matatu, matano, wakati mwingine kumi. Hesabu mwenyewe.

Anza kwa kutoa vilivyokufa na vinavyosuguana katikati. Kisha fupisha yaliyobaki kwa theluthi moja, na kama mti una nguvu na umekuwa msitu, hata kwa nusu. Mkasi uwe mkali na uufute kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine. Mti mgonjwa au uliopandwa juzi usiukate sana.

Wenye harusi nyumbani, au wanaotaka maua ya Idi: hesabuni miezi miwili nyuma, wakati wa joto. Hapo ndipo pa kukata. Ukija kitaluni wiki moja kabla ya harusi ukitaka mti uchanue, tutakuelekeza kwa wauza maua.

Matumba yanatoka, kisha yanadondoka kabla ya kufumbuka.

Karibu kila mara ni maji: udongo umekauka kabisa siku mbili, au chungu kimehamishwa ghafla kutoka mahali kilipozoea. Wakati wa matumba ndiyo wakati usiotaka kubahatisha kumwagilia. Kama matumba yamegeuka rangi ya zambarau yakiwa bado madogo na ndani ukikuta kijifunza, ni mdudu. Yachume yote yaliyoathirika, uyachome au uyafunge kwenye mfuko. Usiyatupe chini ya mti, maana atarudi.

Ua jeupe limegeuka waridi au zambarau asubuhi. Ugonjwa?

Hapana, ni uzee. Asmini huishi usiku mmoja.

Majani yananata na yamekuwa meusi kama masizi.

Pindua jani utazame chini yake. Utakuta vidung'ata, wale weupe kama pamba, au inzi weupe, au vidugamba walioganda kwenye vitawi. Wote hufyonza maji ya mti na kutoa utamu unaonata, na juu ya utamu huo ndipo unapoota ule ukungu mweusi. Ukungu wenyewe hauna haja ya dawa, ukiwaondoa wadudu unakauka na kubanduka.

Anza na maji yenye nguvu, ya bomba, ukipiga chini ya majani asubuhi siku tatu mfululizo. Kisha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, unanyunyiza jioni jua likishatua, na kesho yake unasuuza. Rudia kila baada ya siku tano, mara tatu, kwa sababu mayai hayafi mara ya kwanza. Mafuta ya mwarobaini yakiongezwa humo kwa kiasi hichohicho yanasaidia. Na fuatilia sisimizi: wanawalinda vidung'ata kama mchungaji na mbuzi wake, na wanawahamisha kutoka tawi hadi tawi. Ukikata njia ya sisimizi kwa kupaka grisi kwenye fito za kichanja na kuhakikisha tawi haligusi ukuta, nusu ya kazi imeisha.

Majani yakiwa na vidoadoa vya kijivu na utando mwembamba chini yake wakati wa kiangazi, huyo ni utitiri mwekundu. Hapendi unyevu. Osha majani mara kwa mara.

Dawa kali za dukani hatuzishauri kwenye mti ambao maua yake yanakaa kwenye nywele na shingo za watu.

Naweza kupanda kwa mbegu?

Ni nadra sana asmini hii kuzaa mbegu. Anayekuuzia pakiti ya mbegu za asmini anakuuzia kitu kingine. Miche yote unayoiona imetokana na vipandikizi au matawi yaliyolazwa.

Kipandikizi: chagua tawi lisilo changa wala gumu kabisa, lile linalopinda kisha likavunjika. Kata urefu wa sentimita 12 hadi 15, lenye pingili tatu au nne, ukate chini tu ya pingili. Ondoa majani ya chini, yale mawili ya juu yakate nusu ili yasipoteze maji. Choma kwenye mchanga wa mtoni uliochanganywa na mboji, pingili mbili ziwe ndani. Funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, uweke kivulini. Wiki nne hadi sita mizizi huwa imetoka. Usivute kuangalia! Ukiona jani jipya, imetoka. Watu hutuuliza kuhusu kuchovya kwenye asali au shubiri. Tumejaribu, hatukuona tofauti ya kusimulia. Choma kumi, sita saba zikishika shukuru.

Njia isiyo na hasara ni kulalisha tawi. Chukua tawi la chini, likwaruze kidogo upande wa chini penye pingili, lilaze kwenye udongo, libane kwa jiwe, na ncha yake iachwe nje. Kwa kuwa bado limeshikana na mama yake, halina cha kuogopa. Miezi miwili mitatu baadaye unalikata na kulihamisha.

Nichume saa ngapi?

Kwa kikuba au kutunga koja, chuma saa kumi hadi kumi na moja jioni, matumba yakiwa yamenenepa, meupe pe, ncha zake zimelegea kidogo lakini hazijafunguka. Yenye rangi ya kijani yaache ya kesho. Yatafumbukia mkononi mwako au kichwani mwa mwenyewe, kati ya saa moja na saa mbili usiku, na hapo ndipo harufu inapokuwa na nguvu. Ukichuma yaliyokwisha kufunguka, nusu ya harufu umeiachia hewa.

Yaweke kwenye kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, au ndani ya jani la mgomba, kisha mahali pa baridi. Usiyatie majini. Kwenye friji, ndani ya kopo lenye kifuniko, yatakungoja hadi siku ya pili bila kufumbuka, ila tenga na samaki.

Kwa kikuba chenyewe, kila nyumba na mkono wake. Sisi tunaweka asmini katikati, mrehani kuzunguka, petali za waridi, na kilua kikipatikana. Mkilua ni mti wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na kwa mara moja wataalamu hawakututafutia jina la Kilatini: wameuita Mkilua, kama tunavyouita sisi. Ukipata mche wake nunua, usiulize bei.

Ni kweli unavuta nyoka? Na mashetani?

Nyoka hafuati harufu ya maua. Anafuata panya, vyura na mijusi, na hao wanapenda kichaka kilicholala chini, chenye majani makavu na unyevu. Safisha sketi ya mti, matawi yasiguse ardhi kwa urefu wa magoti, fagia chini. Kwa hilo la pili, waliotukataza utotoni kukaa chini ya maua yanayonukia usiku walikuwa na sababu zao, na moja, nadhani, ni kwamba walitaka tulale mapema.

Mtoto au paka akila?

Asmini hii haihesabiwi kuwa na sumu kwa paka wala mbwa, na maua yake Wachina wanatilia kwenye chai. Mbuzi ndiye wa kumhofia, si kwa ajili yake, kwa ajili ya mti. Hakikisha tu unachokiita asmini ndicho, kwa sababu zile tulizotaja mwanzo.

Naishi Nairobi. Itakubali?

Itakubali, kwa masharti. Mji wenu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na kati ya Juni na Agosti mti utasimama, pengine upukutishe majani. Upande kwenye ukuta unaopata jua la mchana, ukuta ulihifadhi lile joto usiku. Punguza maji miezi hiyo. Maua mtapata zaidi kuanzia Oktoba. Ile inayoonekana sana kwenye bustani za Nairobi, yenye matumba ya rangi ya waridi na majani ya vipande vingi, ni asmini ya China, Jasminum polyanthum. Hiyo inapenda baridi kidogo, na huku kwetu Tanga inanyong'onyea.

Na Muscat? Na London?

Muscat mnayo tayari, mnaiita ful, na joto si tatizo lake. Tatizo ni chungu kuchemka. Kiweke ndani ya chungu kingine kikubwa, kati yake mjaze mchanga wenye maji, na mpe mti kivuli cha alasiri Juni hadi Agosti.

London ni mmea wa ndani. Dirisha linalotazama kusini, mbali na hita, maji kidogo wakati wa baridi, na usiku chumba kisishuke chini ya nyuzi 10. Mei mwishoni utoeni nje taratibu, saa chache kila siku, Septemba urudisheni. Kateni Machi. Maua yatakuwa machache kuliko ya Pangani, lakini asmini moja kwenye chumba kilichofungwa inajaza chumba.

Naweza kutengeneza mafuta yake?

Yale ya manukato ya kweli, hapana, yanahitaji mitambo na maua kwa magunia. Ya nyumbani, ndiyo. Chukua mafuta ya nazi au ya ufuta yasiyo na harufu kali, jaza kopo nusu, utie asmini zilizofumbuka usiku huohuo zikiwa kavu kabisa. Kesho jioni zichuje, utie nyingine. Fanya hivyo siku saba au kumi. Tone moja la maji likiingia, yanachacha.

Bibi ametuachia mwasmini wa zamani, shina kama mkono, nusu umekauka. Unafufuka?

Kwaruza gamba kwa ukucha kuanzia juu ukishuka. Palipo kahawia pamekufa, palipo kijani pako hai. Kama kijani kipo hata kwenye kiwiko cha shina karibu na ardhi, mti huo unafufuka. Tumeona mingi ikikatwa usawa wa goti na kurudi, ukiupa samadi iliyooza, maji kwa kipimo, na mwezi wa kuutazama bila kuona kitu.

Ila usianze na msumeno. Tafuta kwanza vitawi vyovyote vyenye uhai, kata vipandikizi kumi kama tulivyoeleza, vifunike kivulini, na kimoja mpe shangazi au dada anayeishi mbali na hapo. Vikishatoa majani mapya, ndipo uurudie mti wenyewe.